Namba Kabla ya Duka: Mfanyabiashara Mdogo na Mawasiliano Yake Afrika Mashariki

Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki aliingia kwenye intaneti kupitia namba ya simu. Tovuti, ambayo Ulaya na Amerika Kaskazini ndiyo iliyotangulia, huku ilikuja pembeni, na kwa walio wengi haikuja kabisa. Namba ilianza kama anwani, baadaye ikashika fedha, na mwisho ikabeba picha za bidhaa na mazungumzo yote na mteja. Anayetaka kuelewa kwa nini muuza viatu wa Kariakoo hana tovuti lakini ana wateja Mbeya, Mwanza na Songea, sharti afuate safari ya namba hiyo tangu enzi ambazo wenye simu walihesabika.

Katika miji ya pwani habari za biashara zilikwenda kwa jahazi na kwa misafara hadi mwaka 1879, kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilipofikisha Zanzibar waya wake wa chini ya bahari, ukitokea Aden na kuendelea kusini hadi Durban. Tangu hapo bei ya karafuu na ya pembe za ndovu iliweza kujulikana London au Bombay haraka kuliko chombo chochote cha baharini. Simu ya maandishi ilitozwa kwa neno, hivyo ikabaki chombo cha makampuni makubwa. Mwenye duka la kawaida alijitangaza kwa kile alichouza. Mfano mzuri ni wa Mombasa: Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara ya kanga mwaka 1887, alizitia kanga zake herufi K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla", na kila aliyejifunga kanga hiyo alitembea na jina la duka mwilini. Tangazo lilikwenda bure kokote ilikokwenda bidhaa, na lilidumu hadi kitambaa kichakae.

Posta nayo ilikuwa na utaratibu wake. Barua hazikupelekwa mlangoni. Zilisubiri kwenye sanduku la kukodi katika ofisi ya posta, kwa sababu mitaa mingi haikuwa na majina yaliyoandikwa wala nyumba zenye namba za kueleweka. Ndiyo maana risiti, mabango na mihuri ya maduka ya Tanzania yalibeba herufi S.L.P. na tarakimu zake, nazo zilimpa mwenye duka heshima ya mtu anayepatikana. Asiyemudu ada ya sanduku alitumia la shule, la kanisa, la msikiti au la mwajiri, barua ikaandikwa jina lake na la mwenyeji wake. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ikaunda la kwake, lakini utaratibu wa sanduku ukabaki uleule.

Simu ya mezani haikumkomboa mfanyabiashara mdogo. Maombi ya laini yalikaa miaka, na katikati ya miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na laini isiyofika moja kwa kila watu 100. Fundi cherehani, seremala au mpiga picha aliacha maagizo kwa jirani mwenye simu, na jirani huyo akawa katibu wake bila mshahara. Wengine walilipia tangazo redioni. Wengi zaidi walitegemea kile ambacho hakijawahi kupitwa na chombo chochote: mteja aliyeridhika akimwelekeza mwenzake.

Simu za mkononi zilianza kama anasa. Tanzania ilipata Mobitel mwaka 1994, na kwa miaka kadhaa kifaa pamoja na muda wa maongezi vilikuwa vya wakubwa serikalini na matajiri. Mambo yalibadilika ushindani ulipokuja. Mwaka 2000 Vodacom iliingia Tanzania, na mwaka huohuo nchini Kenya Safaricom na KenCell wakaanza kugombea wateja. Safaricom ilitoza kwa sekunde wakati mshindani wake akitoza kwa dakika, na tofauti hiyo, ambayo mtu wa mshahara mkubwa angeipuuza, ilikuwa na uzito kwa muuza mboga mwenye swali moja tu kwa dalali: bei imekaaje leo? Kadi za vocha za kukwangua zilimwezesha kununua maongezi kwa kiasi alichonacho mfukoni, bila mkataba wala bili ya mwisho wa mwezi. Makampuni yaliyodhani soko lao ni maofisi yalikuta soko lipo kwenye vibanda.

Ndipo namba zilipoanza kuandikwa kila mahali. Zilipakwa rangi kwenye milango ya vinyozi, kwenye mikokoteni, kwenye mapipa ya wauza maji, kwenye vipande vya bati vilivyopigiliwa mitini: "Fundi bomba, piga" na tarakimu kumi. Kwa mara ya kwanza mtu asiye na ofisi wala sanduku la posta alikuwa na anwani inayohama naye. Askari wa manispaa walipovunja kibanda, namba ilibaki. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii, na linastahili kutajwa kabla ya intaneti, kwa kuwa yote yaliyofuata yalijengwa juu yake.

Ufukara wa salio ulizaa adabu mpya za biashara. Kubipu, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokewa, kuligeuzwa lugha kamili: mlio mmoja kwa mwenye bucha ulimaanisha mzigo umefika, miwili kwamba njoo uuchukue. Mtafiti Jonathan Donner, aliyechunguza matumizi ya simu kwa wafanyabiashara wadogo wa Rwanda, aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni za mchezo huo, ya kwanza ikiwa kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayepiga na kulipa. Muuzaji aliyejali soko lake alipokea bipu ya mteja na kumpigia yeye, gharama akaihesabu pamoja na kodi ya pango. Aliyembipu mteja wake alionekana hana adabu, au biashara yake imefilisika.

Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuwa nafuu kuliko kuongea, na ulibaki kama ushahidi: kiasi, bei, siku. Mwaka 2010 kina dada watatu wa Nairobi, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm, huduma iliyompa mkulima bei za masoko kwa ujumbe mfupi ili asidanganywe na mnunuzi anayefika shambani akisema bei imeanguka.

Fedha ziliifuata namba. Kabla ya huduma rasmi watu walikuwa wameshaanza kutumiana salio la maongezi kama malipo: anayedaiwa ananunua vocha, anamrushia anayedai, naye anaiuza kwa jirani. Tarehe 6 Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kwa mfanyabiashara mdogo, kutuma fedha nyumbani kijijini, ambako ndiko matangazo ya mwanzo yalikoelekezwa, kulikuwa nusu tu ya faida. Faida nyingine ilikuwa kumlipa muuzaji wa jumla bila kusafiri, na kulipwa na mteja asiyeonekana. Ujumbe wa uthibitisho, wenye jina lililosajiliwa, kiasi na saa, ukawa risiti ambayo pande zote mbili ziliiamini kuliko karatasi. Mwaka 2013 ilikuja Lipa na M-Pesa, na kibandiko chenye namba ya kulipia kikabandikwa kuanzia maduka makubwa hadi kwa wauza chapati. Tanzania nayo ikapata jambo ambalo Kenya ilichelewa kulipata: mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel ziliruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Muuzaji hakulazimika tena kubeba laini nne ili asimpoteze mteja wa mtandao mwingine.

Wakati huo wote tovuti ilikuwa ikihubiriwa. Africa Online, iliyoasisiwa mwaka 1994 na vijana wa Kenya waliokuwa wakisoma Marekani, ilifungua njia ya intaneti ya kulipia. Miaka michache baadaye zikaja intaneti kafe, ambazo Wakenya waliziita saiba, mtu akilipia kwa dakika kusoma barua pepe yake. Majina ya tovuti yanayoishia na .ke na .tz yalikuwepo, na mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kuyasimamia ya Tanzania. Hata hivyo, hadi mwaka 2009 intaneti nyingi ya eneo hili ilipitia setilaiti, kwa mwendo wa kinyonga na bei ya kutisha. Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukazigusa Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS ulikuwa umetia nanga Mombasa ukitokea Fujairah, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka 2011 Google, pamoja na washirika wa Kenya, ilianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zenye jina la .co.ke.

Tovuti hizo kwa sehemu kubwa hazikushika, na sababu si ujinga wa wafanyabiashara kama ilivyosemwa mara nyingi kwenye semina. Tovuti husubiri kutembelewa, na mteja wa soko la Gikomba, Nairobi, au la Kariakoo hakuwa na desturi ya kutafuta fundi kwa Google, alimuuliza mtu. Tovuti haijibu swali wala haipunguzi bei, nayo biashara ya eneo hili huanzia kwenye mazungumzo ya bei. Tena ilihitaji mtu wa kuibadilisha kila mzigo mpya unapoingia, na muuza nguo hupata mzigo mpya kila wiki. Iliyobaki ilikuwa kadi ya biashara iliyosahaulika, yenye namba ya simu ambayo mwenyewe alishaiacha.

Kilichowezekana kilikuja kwa mlango mwingine. Facebook ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2009, na mwaka 2011 Safaricom ikaanza kuuza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, bei iliyoshusha simu janja hadi kwa watu wa kipato cha kati. Simu za Tecno na wenzake zikaishusha zaidi. Nchini Kenya makundi ya Facebook yakawa masoko ya wazi. Ukurasa wa Mkulima Young, ulioanzishwa na Joseph Macharia, uliwakutanisha vijana wenye kuku, nyanya na sungura na wanunuzi bila dalali katikati. Tanzania ilielemea Instagram, hasa baada ya programu hiyo kufika kwenye simu za Android mwaka 2012. Magauni, viatu, mawigi, vipodozi, mapazia na samani vilipata jukwaa lililojali picha kuliko maneno, na waliolishika kwanza walikuwa wanawake, wengi wao wakiuzia nyumbani bila kulipia fremu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, au kwa binti asiye na mtaji wa kodi ya miezi sita, huo ulikuwa ukombozi wa kweli, na yafaa usemwe hivyo.

Maandishi chini ya picha yalipata mtindo wake wa kudumu: bei, saizi zilizopo, "tupo Kariakoo" na jina la mtaa, "mikoani tunatuma", kisha namba. Wengine walificha bei na kumtaka mteja aingie inboksi. Wanunuzi walilalamika, lakini wauzaji walikuwa na sababu zao: bei iliyowekwa hadharani humwonyesha mshindani wa duka la pili pa kushushia ya kwake, na mteja aliyekwisha kuuliza ni rahisi kumshawishi. Kilichowaudhi wanunuzi zaidi ni picha za kuokota, zilizochukuliwa kwenye kurasa za China au Uturuki. Hapo ndipo maneno "picha halisi" yalipogeuka kuwa ahadi ya kibiashara, na video fupi ya muuzaji akiinyoosha nguo kwa mkono wake ikawa na nguvu kuliko picha ya mwanamitindo.

Kupeleka mzigo kulitegemea mtandao wa zamani kuliko wote: mabasi. Dar es Salaam muuzaji aliufunga mzigo, akaandika jina na namba ya mteja kwa kalamu nene, akaukabidhi kwa wakala wa basi, kisha akampigia picha mteja risiti na namba ya gari. Kesho yake mteja wa Tunduma au Bukoba aliufuata stendi. Ndani ya jiji kazi hiyo ilishikwa na bodaboda, ambao waliongezeka sana Kenya baada ya serikali kuondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008. Dereva hakuulizwa mtaa na nyumba namba ngapi. Alipewa namba ya simu, akaelekezwa hatua kwa hatua: pita kanisa, ukiona mti wa mwembe piga. Serikali ya Tanzania ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 na kuweka vibao vya majina ya mitaa na namba za nyumba, biashara ya mtandaoni ilikuwa imeshaishi muongo mzima bila vibao hivyo.

WhatsApp ndiyo iliyoiunganisha minyororo yote hii, kwa kuwa akaunti yake ni namba yenyewe. Aliyeihifadhi namba ya fundi tangu zamani alimkuta humo bila kuambiwa. Hapakuwa na jina jipya la kujifunza wala neno la siri la kusahau, na ujumbe wa sauti ulimkaribisha hata asiyependa kuandika. Mfanyabiashara aliyekuwa Guangzhou au Dubai aliweza kupiga picha mzigo akiwa dukani kwa muuzaji wa jumla, akaituma kwenye kundi la wateja wake, na kuagiza kile tu ambacho kimeshalipiwa kianzio. Mtaji ulitoka kwa wanunuzi, na hatari ya mzigo kudoda ikapungua.

Stetasi, iliyokuja kwa sura yake ya sasa mwanzoni mwa mwaka 2017, ilifanywa dirisha la duka. Ina sharti moja ambalo liliunda tabia nzima ya wauzaji: kwa kawaida huonekana tu kwa watu ambao wametunziana namba. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwa pamoja nayo haimfikii mtu asiyeihifadhi namba ya mtumaji, na hukomea watu 256. Ndiyo maana kila muuzaji huomba "hifadhi namba yangu, nikuhifadhi", na mwenye wateja wengi huwagawa kwenye orodha kadhaa. Januari 2018 ilitoka WhatsApp Business, yenye saa za kazi, majibu ya haraka na vibandiko vya kupanga wateja. Katalogi ya bidhaa ikaongezwa mwaka 2019. Walioitumia vizuri ni wale waliotambua kuwa majibu ya haraka hayafuti wajibu wa kumjibu mtu kama mtu. Mteja anayesalimia "habari dada" akapokea orodha ya bei bila salamu huona amedharauliwa, naye huondoka kimya.

Penye fedha za mbali wezi hawakukosekana. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ulienea Tanzania kiasi cha kujulikana na watoto, ukilenga yule ambaye kweli alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Wapo waliofungua akaunti kwa picha na jina la duka lenye sifa, wakapokea malipo na kutoweka. Wapo wateja waliomwonyesha muuzaji ujumbe wa malipo waliouandika wenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao Tanzania iliufunga Januari 2020, ulisaidia kwa kiasi. Ulinzi uliofaa zaidi wauzaji na wanunuzi waliubuni wenyewe: kulipa mzigo ukifika, kulinganisha jina linalotokea kwenye muamala na jina la duka, kutazama salio badala ya ujumbe, na kuweka hadharani skrinishoti za shukrani za wateja waliopokea mizigo yao.

Masoko makubwa ya mtandaoni yalijaribu kuchukua nafasi ya utaratibu huu. OLX iliuza biashara zake za Kenya, Uganda na Tanzania kwa Jiji mwaka 2019, na Novemba mwaka huohuo Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania, ingawa iliendelea Kenya na Uganda. Muuzaji aliyekuwa na wateja wake WhatsApp hakuona kwa nini amgawie mtu wa tatu faida yake, hasa pale mtu huyo alipokaa na namba za wateja bila kumpa.

Hata hivyo, utaratibu uliojengwa juu ya majukwaa ya wengine una udhaifu wake, na miaka ya karibuni imeuanika. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Wengi wakakimbilia VPN, na Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Facebook ilifungwa nchini humo Januari 2021. Tanzania ilibana mitandao wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 iliwarudisha wengine kwenye fedha taslimu hadi ilipopunguzwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Katika hitilafu kama hizo mbili za mwisho, kupiga simu na ujumbe mfupi wa kawaida viliendelea kuwapo, na muuzaji aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari alikuwa na njia. Aliyekuwa na wafuasi tu hakuwa nayo.

Daftari hilo sasa limeingia kwenye sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Namba, jina na mahali anapoishi mteja ni taarifa binafsi, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzitumia kwa kusudi zilizokusanyiwa na kutozigawa ovyo. Kanuni za Kenya zinawasamehe kwa jumla usajili wale wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, lakini haziwasamehi wajibu wa kuzilinda. Nchini Tanzania, sheria inawataka wakusanyaji wa taarifa wajisajili kwa Tume iliyoundwa kusimamia jambo hilo. Kumwingiza mteja kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza, na kuuziana orodha za namba, ambayo kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa bidii ya kutafuta soko, sasa yanaweza kumfikisha mwenye duka mbele ya mamlaka.